Tumbo na Tabibu wa Mbali

Katika viungo vya mwili hakuna kinachosemwa sana na kuonekana kidogo kama tumbo. Jicho likiuma, wekundu wake humshtua hata mpita njia. Mguu ukiteguka, uvimbe wake hutoa habari kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Walakini tumbo likikataa kazi yake, mtu huketi barazani kati ya wenziwe, akacheka wanapocheka na kuitikia wanapomwamkia, ilhali ndani yake mna moto ambao hakuna aliye karibu naye anayeuona moshi wake. Habari ya moto huo haiwezi kumfikia mwingine ila kwa njia moja, nayo ni maneno. Ndiyo sababu mtu asumbuliwaye na kuvimbiwa mara kwa mara huona wepesi kumtafuta tabibu kwa simu au kwa mtandao wa intaneti. Hana jeraha la kuonyesha wala homa ya kuguswa. Anayo hadithi tu, na hadithi husafiri bila ya nauli.

Dhana hiyo ina kweli kubwa ndani yake. Ina hatari pia, na hatari yenyewe haikai pale ambapo watu wengi huitazamia.

Adha ya kuvimbiwa haina heshima ya maradhi makubwa, na mgonjwa wake hahurumiwi. Husikia tumbo limejaa kabla hajamaliza nusu ya sahani; hupiga mbweu zisizoleta nafuu; huungua kutoka chembe cha moyo mpaka kooni akilala chali; huamka usiku wa manane akatafuna kidonge cha magnesiamu kama mtoto atafunavyo chaki. Asubuhi huambiwa apunguze pilipili. Akipunguza pilipili huambiwa aache maharage; akiacha maharage huambiwa kuwa ni mawazo. Miaka hupita hivyo, na mtu huyazoea maradhi yake kama azoeavyo jirani mgomvi, asimshitaki wala asihame.

Kutaka dawa ya tumbo kwa tabibu asiyeonana na mgonjwa si jambo lililozaliwa na simu. William Cullen, aliyekuwa profesa wa utabibu katika mji wa Edinburgh, Uskochi, na kufa mwaka 1790, alitibu watu wengi kwa barua. Wagonjwa, au madaktari waliokuwa nao, walimwandikia kutoka mbali wakieleza chakula walichokula, usingizi waliolala, upepo wa matumbo yao na hali ya choo chao. Naye alijibu kwa barua, akiamuru lishe na dawa na matembezi juu ya farasi. Shughuli hii ilikuwa kubwa hata akatumia mashine ya kunakili iliyobuniwa na James Watt, yule yule wa injini za mvuke, ili abaki na nakala za majibu yake. Maelfu ya karatasi hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Katika mpango wake wa kuyagawa maradhi kwa jamaa zake, Cullen aliliweka tumbo lisilosaga chakula katika jamaa ya maradhi ya neva. Ni ajabu kuona kuwa mwaka 2016, zaidi ya miaka mia mbili baada yake, mapatano ya wataalamu wa matumbo yajulikanayo kwa jina la Roma yaliyaita maradhi ya namna hiyo kasoro ya mawasiliano kati ya utumbo na ubongo.

Lakini barua za Cullen zilikuwa na sifa moja ambayo simu imeipunguza. Aliyeiandika barua alijua kuwa karatasi ile ndiyo mwili wake wote mbele ya tabibu, kwa hiyo alikaa, akafikiri, akakumbuka. Mgonjwa wa leo huandika kwa kidole gumba akiwa ndani ya daladala kwamba tumbo linamuuma sana na aomba dawa, kisha hukasirika asipojibiwa kabla ya kituo cha pili.

Kinyume cha Cullen alikuwa William Beaumont, daktari wa jeshi la Marekani. Mwezi wa Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikampiga ubavuni kijana mmoja wa Kanada, mtumishi wa biashara ya ngozi, aitwaye Alexis St. Martin. Hakufa, ila jeraha lilipona likiacha tundu lililoingia mpaka ndani ya tumbo. Beaumont alivifunga vipande vya nyama na mkate kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza tunduni, akavivuta nje baada ya muda kutazama vimeyeyuka kiasi gani. Aliona pia kuwa hasira ya mtu huonekana katika rangi na kazi ya tumbo lake. Kitabu chake cha mwaka 1833 kilifundisha mengi, lakini St. Martin mwenyewe alichoka kuwa dirisha la watu. Alirudi kwao, na barua za Beaumont za miaka mingi hazikumleta tena. Alipokufa mwaka 1880 jamaa zake waliuacha mwili uharibike kwanza kabla ya kuuzika, ili madaktari wasiutamani. Tabibu mmoja alisikia yote asione kitu. Mwingine aliona yote, na mwenye tumbo akawa kama chungu jikoni, kinachofunuliwa na kila apitaye. Katika hali hizo mbili si rahisi kusema ni ipi mtu angeichagua kama angepewa hiari.

Basi kama maneno ndiyo macho ya tabibu wa mbali, yafaa kuuliza Kiswahili kimempa macho ya namna gani. Kwa kweli kimempa mema. Kiungulia kimetokana na kuungua, na mtu akilitaja neno hilo amekwisha eleza nusu ya taabu yake. Mwenye kuvimbiwa si sawa na mwenye kushiba upesi. Mwenye kucheua maji machungu si sawa na mwenye mbweu kavu. Msokoto wa tumbo hutofautiana na kichomi, na kichefuchefu hutofautiana na kutapika. Chembe cha moyo, yaani pale chini ya kidari ambapo mbavu huachana, ni mahali penye jina ambalo bibi kizee asiyejua kusoma hulitaja bila ya kusita, ilhali madaktari wa Ulaya hupaita kwa neno la Kigiriki ambalo wagonjwa wao hawalijui.

Lugha hiyo hiyo, hata hivyo, husema moyo umechafuka ikikusudia tumbo, kama vile Waingereza waitavyo kiungulia kuungua kwa moyo, na Wafaransa waitavyo kichefuchefu ubaya wa moyo. Mzaha huu wa lugha tatu si mzaha mbele ya tabibu. Moyo wenyewe ukikosa damu huweza kuuma pale pale penye chembe, na mgonjwa akaapa kuwa ana gesi. Maumivu yajayo mtu apandapo ngazi na kutulia apumzikapo, au yajayo na jasho la ghafula na kuenea mpaka taya au mkono, hayana haja ya kuulizwa pilipili. Hayo hayangojei simu ya pili. Mwenye nayo hupelekwa hospitali saa ile ile.

Adui mkubwa wa maneno haya mazuri ni jina moja lililoyameza yote, nalo ni vidonda vya tumbo. Siku hizi aunguaye ana vidonda, ajaaye upepo ana vidonda, na aliyekula muhogo mbichi ana vidonda. Ukweli ni kuwa watu wengi wenye kuvimbiwa kwa muda mrefu, wapitishiwapo mpira mwembamba wenye kamera kooni mpaka tumboni, hawaonekani na kidonda chochote. Jina limekwenda mbele ya ugonjwa, na tabibu aliye mbali, ambaye hana kitu ila jina, huongozwa nalo njia isiyo yake.

Mfano wa jambo hili ni karani mmoja mstaafu wa mahakama, mkazi wa Kilindoni katika kisiwa cha Mafia, mtu wa umri wa miaka sitini na kitu. Kutoka kwake mpaka Dar es Salaam ni kivuko mpaka Nyamisati, kisha ni gari; safari si ya kutisha kwa mtu mzima wa afya, lakini kwa mwenye tumbo bovu ni ndefu. Tumbo lake lilikuwa limemsumbua zaidi ya mwaka. Binti yake akaaye bara alimtafutia tabibu mmoja wa Dar es Salaam awasikilizaye wagonjwa kwa simu, akamlipia kwa simu hiyo hiyo, akampangia saa. Ilikusudiwa waonane kwa picha, lakini mtandao ulikuwa dhaifu siku ile, nyuso zikakatika vipande vipande kama kioo kilichovunjika, ikabaki sauti tu.

Tabibu alikuwa mwanamke kijana. "Shikamoo, mzee wangu," alisema.

"Marahaba, binti yangu. Mimi nina vidonda vya tumbo."

"Pole sana, baba. Nani aliyekwambia kuwa ni vidonda?"

"Najua mwenyewe."

"Basi tuviweke kando vidonda kwanza, uniambie unasikia nini."

Karani alinyamaza kidogo. Katika maisha yake ya kazi alikuwa ameandika maneno ya mashahidi wasiohesabika, naye alijua sana kuwa shahidi aliyeanza kwa kusema fulani ni mwizi hukatizwa, akaambiwa aseme alichokiona kwa macho yake, na wizi auachie hakimu. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa amekuja mbele ya tabibu na hukumu mkononi, wala hakuleta ushahidi. Hakuna mgonjwa asiyefanya hivyo. Maumivu yasiyo na jina hutisha kuliko maumivu yenye jina baya, na mtu hujipa jina ili apate usingizi.

Akaanza kueleza. Maumivu yake yalikuwa kwenye chembe, yakimwamsha usiku na kupoa kidogo akila kipande cha mkate. Hakutapika. Chakula kilimezwa bila ya kukwama. Swali hili la kumeza tabibu aliliuliza mara mbili, na alikuwa na haki, kwa kuwa saratani ya umio ni nyingi katika nchi za Afrika Mashariki, na dalili yake mashuhuri ni chakula kukwama, kwanza ugali na nyama, halafu hata uji. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lilitangaza kuwa vinywaji vya moto unaozidi digrii 65 yamkini husababisha ugonjwa huo. Neno ambalo wanywaji wa chai ya kububujika hawajalipenda.

Alipoulizwa kama amekonda, alisema hajui, maana nyumbani hamna mizani. Tabibu akamwuliza habari za mkanda wake wa suruali. Akajibu kuwa tangu mwezi wa Mfungo amesogea matundu mawili. Akaulizwa kama huchoka. Akasema huchoka, na kutoka msikitini mpaka kwake siku hizi hupumzika chini ya mwembe, lakini hilo ni la uzee, naye amekwisha nunua vidonge vya kuongeza damu katika duka la dawa. Akaulizwa dawa nyingine. Akataja magnesiamu, kisha, kama mtu atajaye kitu kisichohusu kesi, akataja vidonge vya goti.

"Vidonge gani vya goti, baba?"

Vilikuwa diklofenaki. Alivimeza kila siku, asubuhi na jioni, kwa muda wa miezi minane, maana goti la kulia lilimzuia kusujudu. Hakuwahi kufikiri kuwa dawa ya goti ina safari nyingine mwilini. Dawa za jamaa hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hutuliza maumivu kwa kuzuia kitu ambacho mwili hukitumia pia kuulinda utando wa tumbo dhidi ya asidi yake wenyewe. Na mzee azitumiaye kila siku bila ya kinga hulifungulia tumbo mlango wa kujila.

Ndipo tabibu alipouliza habari za choo, na hapa mazungumzo yalitaka kufa. Mwanamume wa umri ule, na wa malezi yale, kuulizwa rangi ya choo chake na msichana ambaye angeweza kuwa binti yake! Alijibu kuwa ni cha kawaida, kama watu wote wajibuvyo. Laiti wangekuwa uso kwa uso katika chumba kidogo, yamkini jibu hilo lingekuwa la mwisho. Angetazama ukutani, naye tabibu angeona haya kwa haya yake. Lakini katika simu hapakuwa na uso. Palikuwa na sauti mbili gizani, na giza hulegeza ulimi. Tabibu hakurudia swali lile, aliuliza jingine. Aliuliza kama choo hicho ni cheusi kama masizi ya chungu, au cheusi chenye kung'aa na kunata kama lami.

Karani akasema kwa sauti ya chini kuwa ni kama lami. Akaongeza kuwa harufu yake imebadilika pia, hata mkewe amesema. Lakini hilo, alisema, limesababishwa na vidonge vya damu, kwa kuwa muuza duka alimwonya kuwa vitamgeuza rangi ya choo.

Hakuongopa, wala muuza duka hakuongopa. Madini ya chuma huleta weusi katika choo. Tazama basi jinsi mambo yalivyoshikana: goti lilileta diklofenaki, diklofenaki ililijeruhi tumbo, tumbo lilitoa damu kidogo kidogo, kupungua kwa damu kulileta uchovu, uchovu ulileta vidonge vya chuma, na vidonge vya chuma vilitoa sababu njema ya weusi ule ule ambao ulikuwa ukipiga kelele ya hatari. Kila hatua ilikuwa na akili yake. Hapakuwa na mjinga hata mmoja katika hadithi hii, na mtu alikuwa akifa polepole. Tofauti ya uhai na mauti ilikaa katika maneno mawili ya jikoni na ya barabarani, masizi na lami, kwa kuwa weusi wa chuma haunati wala haunuki kama damu iliyopikwa na asidi. Yupo atakayesema kuwa kukusanya majina ya choo si kazi ya wasomi. Na aseme, kamusi nyingi zina majina mengi ya vyombo vya baharini kuliko ya hali za mwili, na waliokufa kwa kukosa jina la tanga ni wachache.

Tabibu alimwomba apige picha ya ndani ya kope lake la chini na kumpelekea. Picha ilifika, lakini taa ya chumbani ilikuwa ya manjano, na katika mwanga huo hata kuta zilionekana zina manjano. Hapo ndipo uwezo wake ulipoishia. Asingeweza kulibonyeza tumbo kujua kama limekaza au lina uvimbe. Asingeweza kushika kiganja na kuona weupe wake, wala kuhesabu mapigo ya mshipa wa mkono, wala kutoa tone la damu kulipima. Mtu mwenye tamaa ya fedha au ya sifa angeandika dawa hata hivyo. Zipo dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, ambazo zingempa nafuu ya siku tatu, akashukuru, na huko ndani damu ikaendelea. Dawa hizo zina fadhila kubwa kwa mwenye kuzihitaji, ila zina tabia ya kunyamazisha. Huweza kunyamazisha hata maumivu ya saratani kwa muda, mpaka wakati wa kuikata umepita.

"Baba, acha vidonge vya goti leo hii. Kisha nenda hospitali ya wilaya, usingoje kesho. Waambie kuwa unatoa choo cha lami."

"Binti yangu, nimelipiwa fedha ili nisisafiri, nawe waniambia nisafiri?"

"Ndiyo, baba. Safiri sasa hivi."

Alikasirika, na hasira yake ilikuwa na sababu. Alikuwa ameahidiwa wepesi. Wauzao huduma hizi hunadi wepesi, wala si wengi wanaonadi kuwa sehemu ya kazi ya tabibu wa mbali ni kumwamuru mgonjwa aondoke nyumbani. Hata hivyo alikwenda, kwa sababu mkewe aliyekuwa mlangoni alisikia neno lami.

Yaliyofuata yanaweza kusemwa kwa ufupi. Damu yake ilionekana imepungua kufikia karibu nusu ya kiasi kimpasacho mwanamume. Akaongezewa, kisha akavushwa mpaka Dar es Salaam. Kamera ilionyesha kidonda kimoja mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Basi lile jina lake la kwanza lilikuwa la kweli, jambo ambalo hakuacha kulikumbusha kila mara, ingawa lilikuwa kweli kwa bahati. Tena ndani ya tumbo lake palikutwa kijidudu kiitwacho Helikobakta pailori, ambacho hukaa katika matumbo ya watu wengi mno duniani, wengi wao bila ya kuwadhuru kwa dhahiri. Kijidudu hicho kiliwashinda wataalamu kwa muda mrefu, maana waliamini kuwa asidi haikai na kiumbe. Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walifaulu kukiotesha mwaka 1982, vyombo vyao vilipoachwa siku nyingi kuliko desturi kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Na mwaka 1984 Marshall alikinywa mwenyewe, akaugua tumbo, ili watu waamini. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla ya hapo wenye vidonda waliambiwa ni mawazo na pilipili, na yapo mabaraza ambamo wangali wakiambiwa hivyo.

Sehemu iliyobaki ya matibabu ilifanywa kwa simu, na hapa tabibu wa mbali alikuwa bora kuliko wa karibu. Dawa za kukiua kijidudu kile ni nyingi kwa pamoja, huliwa kwa siku 14, huleta ladha mbaya kinywani na kuchafua moyo, na mgonjwa aziachaye siku ya tano hubaki na mdudu aliyejifunza kuzishinda. Kila jioni ya pili ujumbe mfupi ulimfikia karani kumuuliza amemeza au hakumeza. Alipotaka kupimwa tena upesi ili ajue kama amepona, aliambiwa angoje: kipimo cha choo hakitoi jibu la kuaminika mpaka zipite wiki nne tangu dawa za kuua vijidudu, na wiki mbili tangu omeprazoli. Kipimo cha damu alichotajiwa na rafiki yake hakikufaa pia, kwa kuwa hicho huonyesha alama ya mdudu aliyepo na ya mdudu aliyekwisha ondoka bila ya kuwatenganisha. Kwa habari hizi hakukuwa na haja ya kuvuka bahari.

Nchi za jirani zimeyajaribu mambo haya kwa kipimo kikubwa. Huko Rwanda huduma iliyoitwa Babyl ilianza mwaka 2016, ikiwafikia watu hata kwa simu ndogo zisizo na intaneti. Lakini kampuni ya Uingereza iliyoimiliki ilianguka mwaka 2023, na huduma ikakoma pamoja nayo. Kenya ilitunga sheria ya afya ya kidijitali mwaka huo huo wa 2023. Sheria ni jambo jema, ila haiwezi kumfikia kila mchuuzi. Katika simu ile ile apatikanapo tabibu aliyesajiliwa, hupatikana pia mtu asiye na jina aliye na picha ya chupa ya kijani, ushuhuda wa waliopona kwa siku saba, na namba ya kutumia fedha. Tabibu huuliza maswali mengi kabla ya kutaja dawa, na aghalabu huudhi kwa maswali yake. Mchuuzi hutaja dawa kwanza, kisha huuliza mahali pa kuipeleka.

Iko taabu nyingine, ambayo haikuletwa na mchuuzi wala na tabibu. Karani alipopona, aliitwa na watu wa mtaa wake kama shahidi, naye safari hii alisema mengi. Mpwa wake aliomba aone majina ya dawa. Akapigiwa picha ile karatasi, na kabla ya Ijumaa karatasi ilikuwa imepita katika simu nyingi za Kilindoni, kwa njia ya WhatsApp, ikiwa imeandikwa juu yake kuwa ndiyo dawa ya tumbo iliyojaribiwa. Miongoni mwa walioipokea alikuwamo mwanamke mmoja mja mzito wa miezi mitano mwenye kiungulia, jambo la kawaida kwa wenye mimba; na katika dawa zile ilikuwamo isiyomfaa mja mzito hata kidogo. Alikuwa amekwisha nunua nusu yake. Mke wa karani alisikia habari hiyo kisimani, akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Karani alimpigia mwanamke yule usiku ule ule, akamwambia asimeze kitu, akampa namba ya tabibu. Hakumweleza habari za kijidudu wala za Australia. Alimwambia tu kuwa karatasi ile iliandikwa juu ya tumbo lake yeye, na goti lake, na miaka yake. Mwanamke alisikiliza kwa adabu. Kisha aliuliza tabibu huyo hutoza kiasi gani, na kama hupokea simu usiku, wakati mumewe akiwa baharini.